Maboksi ya Kupambia

"Hilo la kupambia tu, bosi, ndani hamna kitu," mume wangu alimwambia mteja, akamfungulia boksi la simu aone mwenyewe. "Wewe likariri vizuri. Ukishalijua boksi lake, hakuna tapeli Kariakoo nzima atakayekuuzia feki."

Mteja akacheka, akaondoka. Mimi nilikuwa nimeegemea kaunta, nimetoka hospitali, plasta ya dripu bado iko mkononi.

"Baba Vicky, hayo maneno ndiyo nesi aliyoniambia leo."

"Maneno gani?"

"Kirusi kilichonipa hii kansa ya shingo ya kizazi kimevaa ganda la protini. Ganda ndilo linalokilinda, na ndilo linaloshika mwilini mpaka kikaingia. Chanjo wanayochoma kesho shuleni kwa Vicky ni ganda hilo tupu, ndani hamna kirusi. Mwili unalikariri, basi. Kirusi chenyewe kikija, unakijua."

Akalifunga boksi, akalirudisha kwenye shelfu, akalinyoosha lilingane na mengine.

"Nilishasema hapana. Binti yangu hachomwi ugonjwa wa zinaa, ugonjwa wa wahuni."

Nikaibandua plasta polepole. Iling'oa vinyweleo, na tone la damu likatoka pale palipokuwa na sindano. Nikaibandika juu ya kioo cha kaunta yake, mbele yake.

"Punguza sauti," alisema, ingawa nilikuwa sijasema kitu. Alikuwa anaangalia duka la jirani.

"Ulinioa sijamjua mwanaume, Baba Vicky. Ulichoniletea wewe hakikuwa ganda tupu."