Ombi la Kastori

Abiria walipotangaziwa kwamba ndege yao iliyotoka Mwanza imepata hitilafu na haitaondoka kwenda Dar es Salaam kabla ya saa kumi jioni, walinung'unika kidogo, kisha wakapanda basi la kwenda Moshi mjini kutafuta bia na nyama. Salvina hakuwafuata. Alisemezana na msimamizi wa mizigo, kisha akasimama juani nje ya uwanja mpaka akapata teksi.

"Kibosho," alimwambia dereva. "Na unirudishe kabla ya saa tisa."

Hakuwa amepanga. Lakini mumewe, Kastori, alikuwa amemwambia kule Mwanza wiki iliyopita: "Ukipata nafasi, nenda nyumbani kaniulizie kama watanipokea. Uliza mara moja. Usibembeleze." Na nafasi ilikuwa imejileta yenyewe.

Dereva aliitwa Filbert, mtu wa huko huko Kibosho. Aliposikia nyumba yenyewe, alipunguza mwendo.

"Kwa Mama Odilia? Wewe ni mke wa yule wa forodha?"

"Ndiye."

Barabara ilianza kupanda katikati ya migomba. Hapo alisimamisha gari, akachuma jani la isale kwenye ua wa watu, akampa.

"Kwetu mkosaji akituma hili, hata adui hulipokea. Litangulize."

Salvina alifungua kitambaa cheusi alichojifunga kichwani tangu asubuhi, akakitia mkobani, akajifunga kingine chenye maua.

Kisa cha Kastori na ndugu yake kilijulikana mlima mzima. Mwaka ule mpaka na nchi jirani ulipofungwa, Kastori akiwa ofisa wa forodha Holili, lori lilikamatwa na magunia sita ya kahawa ya magendo chini ya majani ya ng'ombe. Mwenye kahawa alikuwa Emilian, mdogo wake wa tumbo moja. Emilian alipomwona kaka yake alicheka, akidhani mambo yamekwisha. Kastori akatoa kalamu akaandika jina lake. Emilian alifungwa miaka mitatu, na katika mwaka wa pili baba yao akafa. Kastori na Salvina walikuja mazishini, wakarudishwa njiani kwa mawe.

Sasa, Salvina alipoingia, Emilian alikuwa uani akikatakata mgomba wa kulishia ng'ombe. Mama yake alikaa kwenye kigoda akimenyea ndizi kwenye beseni la maji.

"Shikamoo, Mama."

Kisu cha Mama Odilia kiliendelea kumenya. Ndizi moja ikaisha, akachukua nyingine.

"Umepotea njia, shemeji," alisema Emilian.

"Sikupotea. Nimetumwa na kaka yako."

"Yeye yuko wapi?"

"Uwanja wa ndege."

Emilian aliinua panga, akalitazama makali yake. "Karibu hivyo, na bado anatuma mke. Anaogopa nini?"

"Hawezi kuja mpaka mkubali."

"Tukubali nini?"

"Arudi nyumbani. Anaomba sehemu kidogo tu ya kihamba cha ukoo, kule kwa baba yake."

Emilian alicheka kicheko kikavu. "Umesikia, Mama? Nilikwambia. Alinitia ndani kwa ajili ya kahawa, sasa anataka na shamba lenyewe." Akamsogelea Salvina mpaka harufu ya jasho lake ikamfikia. "Siku anazikwa Baba, mimi nilikuwa nalima shamba la gereza. Nilipewa habari kwa mdomo, nikaambiwa niendelee kulima. Udongo wa kaburi lake sikuutupa hata kiganja kimoja. Mwambie hivyo."

"Anajua."

"Kama anajua, akakae huko huko alikopelekwa na kazi yake."

"Mimi nina mtoto mmoja," alisema Mama Odilia bila kuinua macho. Ndiyo kwanza asikike. "Huyo hapo."

Salvina alipiga goti moja, akamnyooshea jani la isale kwa mikono miwili. Mkono wa mama ulitoka kwenye beseni ukitiririka maji, ukasita hewani. Emilian akawahi. Alilinyakua lile jani, akaliweka juu ya gogo, akalikata vipande viwili.

Kule njiani, kando ya gari, Filbert alitazama pembeni.

"Umeuliza," alisema Emilian, "na umejibiwa."

Salvina alisimama, akapangusa goti. Aliambiwa asibembeleze, na sasa hata mwenyewe hakutaka. Aligeuka akaenda zake.

Alikuwa ameshaingia garini aliposikia kandambili zikimfuata. Mama Odilia alikuja peke yake, akainama dirishani, mikono bado imejaa utomvu wa ndizi.

"Huyu bado ana moto," alisema kwa sauti ya chini. "Mwambie Kastori angoje. Krismasi ya mwakani moto utakuwa umepoa. Lakini asinitumie mwanamke. Aje mwenyewe, kwa miguu yake, nami nitamfungulia."

Salvina alimtazama mama mkwe wake.

"Nitamwambia, Mama."

Walipofika uwanjani, abiria walikuwa wamerudi, wengine wamechangamka kwa bia, wakiambiana jinsi kilele cha mlima kilivyotoka mawinguni kwa dakika tano tu. Mafundi walikuwa wanafunga injini. Msimamizi wa mizigo alimwona Salvina kwa mbali, akavua kofia, akamfuata.

"Pole, mama. Wamesemaje? Jeneza la mumeo tulishushe hapa?"

"Hapana," alisema Salvina. "Liendelee."