Ukuta wa Ukumbi wa Dansi

Kitendawili! Nimemfungia ndani mwenyewe, muziki ukilia anatoka kucheza. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ni kumbukumbu.

Siku hizo kila ukumbi wa dansi ulikuwa na ukuta unaoonyesha kile ambacho wimbo unamkumbusha kila msikilizaji, na jina lake chini. Watu walishauzoea kama feni. Bi Zamoyoni alijipanga kuwaza gauni lake la buluu tu.

"Leo mama utacheza mpaka kiuno kiombe radhi!" alicheka binti yake Sikudhani, aliyemnunulia tiketi.

Bendi ya Kipepeo, vijana wa zamani, sasa wote mvi, ikapanda jukwaani. Gitaa lilipoanza tu, gauni halikuonekana. Ukutani alitokea mwanamke aliyejipamba, anafunga mlango kwa ufunguo, na ndani mtoto analia karibu na jiko la mkaa; chini yake, jina la Bi Zamoyoni.

Sikudhani alishika kovu la mkononi. Miaka arobaini aliambiwa kwamba mama yake mdogo, Mashavu, ndiye aliyemwacha peke yake na moto. Mpaka leo Mashavu hakaribishwi kwao.

"Mama, nani yule anafunga mlango?"

Bi Zamoyoni akainama, akajifanya anatafuta leso. Watu wa meza ya jirani wakatazama pembeni kwa adabu. Wimbo ukaisha, ukuta ukabaki mweupe.

"Mama, nimekuuliza."

"Ni mimi, mwanangu. Mashavu hata hakuwepo."