Mbwa Mwenye Karatasi

Mbwa wa Kelestini alishuka kwenye lori akiwa na karatasi yake. Kelestini aliishika karatasi kwa mkono wa kulia na mbwa kwa mkono wa kushoto, watu wapate kujua kipi kina heshima zaidi.

Karatasi ilikuwa na mhuri, na majina ya baba wa mbwa, babu wa mbwa, na babu wa huyo babu, wote Wajerumani. Mzungu mmoja wa mashamba ya katani kule Kimamba alikuwa akizalisha mbwa wa kuuza, na Kelestini, karani wa mashine ya mpunga pale Ifakara, alimpelekea mshahara wa miezi mitatu. Jina la babu yake mwenyewe Kelestini hakulijua. Lakini majina ya wale mbwa aliyakariri yote, akawa anayasoma kilabuni bila kuombwa na mtu.

Mbwa aliitwa Kaiza, kama mfalme wa Wajerumani. Loo, Kaiza gani huyo! Aliogopa kuku. Wali wa mpunga wa Kilombero aliunusa akageuza uso, akangoja nyama na maziwa, na bwana karani akawa anakunywa chai ya rangi ili mbwa apate maziwa.

"Damu safi hiyo," alisema Kelestini. "Haili ovyo."

Kikwazo kilikuwa Hayakuhusu.

Hayakuhusu alikuwa mbwa jike wa mama yake Kelestini, Bibi Domitila. Sikio moja lilikuwa limechanika, na rangi yake hata mwenye macho mazuri asingeitaja. Bibi alimwokota karibu na kivuko, maji ya masika yalipopungua, akiwa amenasa kwenye matete. Watu wakaanza maneno: kikongwe anayelishwa na mwanawe naye anafuga! Wakimwuliza huyo mbwa anaitwaje, Bibi anajibu, "Hayakuhusu." Waliochukia wakachukia.

Kaiza hakuwa na habari na karatasi yake. Siku ya pili tu alikwenda akajilaza tumboni kwa Hayakuhusu, naye akamlamba masikio. Kelestini alipowaona alimpiga yule jike teke.

"Atamharibia damu huyu! Kesho keshokutwa watazaa machotara hapa, nicheke na nani?"

Mwaka ule wa hamsini na nne kulikuwa na kichaa cha mbwa bondeni, na amri ilikuwa moja: mbwa asiye na mkanda shingoni apigwe risasi. Kaiza alikuwa na mkanda wa ngozi wenye kifungo cha shaba. Kelestini alikwenda mwenyewe kwa bwana mifugo, Sebastiani, akamwambia aje Jumamosi na bunduki.

Bibi Domitila aliposikia alikwenda kukaa mlangoni pa chumba cha mwanawe.

"Mwanangu, mvalishe naye. Hata kamba ya katani, mimi nitaisuka. Sina mwingine wa kushinda naye mchana kutwa."

"Mama, kamba haileti ukoo."

"Alikukosea nini?"

"Hana baba, hana mama, hana karatasi. Kitu cha kuokota utajuaje kina nini ndani?"

Bibi aliinuka pale mlangoni. Akaenda zake jikoni.

Jumamosi asubuhi Sebastiani alifika na bunduki begani. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba." Majirani nao hao, wamejaa uani kana kwamba kuna ngoma. Bibi alikuwa ameketi chini, mikono yote miwili imemzunguka Hayakuhusu shingoni.

"Mama, mwachie," Kelestini alisema. "Unaniaibisha mbele za watu."

Sebastiani hakuipenda kazi ile. Akajaribu kuileta kwenye utani. "Lakini bwana karani, si nasikia hata wewe ulitolewa jalalani? Mama hakukuita Majalala kabla ya ubatizo?"

Watu wakacheka. Kelestini naye akacheka, maana hadithi hiyo aliipenda.

"Ile ni mila, bwana! Mama alizika watoto watatu. Mimi nilipozaliwa wakanilaza jalalani kama takataka, ili kifo kinidharau kinipite. Jirani akaniokota, na mama akaninunua kwake kwa jembe jipya. Ndipo akanibeba mgongoni kutoka Mngeta hadi hapa. Umesikia neno hilo? Akaninunua! Mimi nililipiwa, bwana. Usinifananishe na hicho." Akakinyoshea kidole alichokiita hicho. "Haya, fanya kazi yako."

Sebastiani alishusha bunduki begani, polepole.

"Ngoja, baba," alisema Bibi Domitila. Alimwachia mbwa, akajiinua kwa kushika magoti, akasimama kati ya mbwa na mwanawe. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Kelestini, jembe hilo lilikuwa la nani? Jirani huyo aliitwa nani?"

"Mama, mimi nitajuaje? Wewe ndiye uliyenisimulia."

"Nilikusimulia ili watu wasikucheke. Mila ile ni ya mama aliyezaa, mwanangu. Mimi sijapata kuzaa."

Akamgeukia bwana mifugo.

"Haya, baba. Wa kuokotwa ni hao wawili. Utaanza na yupi?"