Chapa ya Kenge

Enzi za mababu, mnyama aliyefika kisimani aliulizwa, "Wewe wa nani?" Akitaja ukoo wake, alikunywa. Baadaye wakawa wanaulizwa kazi wanayofanya. Mwaka wa ukame Kenge alikabidhiwa ulinzi, naye aliona kwamba majibu yote mawili huwapa waongo nafasi. Akampiga kila mnyama chapa ya utomvu mgongoni, na yeye mwenyewe akapigwa yake.

Siku moja Bibi Nungunungu alikuja bila chapa, kwani miiba iliyopigwa chapa hiyo ilikuwa imeng'oka.

"Mjukuu wangu, mimi ndiye niliyemuuguza mama yako," alisema.

"Nakujua, bibi, lakini chapa siioni," Kenge alijibu, akamrudisha na kiu yake.

Siku ya tatu Kenge alijivua gamba kichakani. Aliporudi, msaidizi wake Nguchiro alimzuia.

"Kenge wetu ana chapa. Wewe ni nani?"

Kenge akataja ukoo, akataja kazi, mpaka koo likamkauka. Nguchiro hakusogea. Ndipo Bibi Nungunungu, aliyekuwa bado anaomba maji pale kisimani, akasema, "Mpishe. Ndiye yule aliyeninyima maji huku akinijua."

Nguchiro alikuwepo siku ile bibi aliporudishwa, kwa hiyo akampisha. Kenge aliinamia maji, lakini hakuyanywa. Akajaza kibuyu, akamrudia bibi.

"Kunywa, bibi," alisema. "Na wakiuliza tena mimi ni nani, uwaambie na hili."