Gunia Linalojua Kwenu

Biira alikiri kabla hajaulizwa. Aliingia stoo ya ushirika mjini Kasese saa nne asubuhi, akamkalisha binti yake Yvette kando ya mlango, akamwambia karani kwamba kahawa yake ya msimu huu si yake. Magunia yote manne aliyokwisha kuyaleta hapo stoo ni ya magendo, yamevuka mpaka kutoka Kongo. Basi jina lake lifutwe kwenye orodha ya wakulima, leo hii hii.

Zedekia, karani, aliweka kikombe chake cha chai chini polepole. Miaka yote pale watu walikuwa wakimwapia kwa Biblia kwamba kahawa ya ng'ambo imetoka shambani kwao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwapia kinyume.

"Nani amekutisha, mama Yvette?"

"Hakuna, afande."

"Afande wapi? Mimi karani wa kahawa, hata fimbo sina."

Biira hakucheka. Alikaa mgongo ukutani, macho kwenye mlango. Na hofu yake ilieleweka. Danieri wa Maliba alikamatwa msimu uliopita na magunia ya kahawa iliyochanganywa na ya magendo, na mpaka leo yuko ndani. Lakini anayekiri mwenyewe mapema, ndivyo kanuni ilivyosema, huondolewa kwenye orodha tu, akaenda zake.

Hii habari ya pasipoti ya kahawa, kumbukumbu ya kila gunia na mkulima wake, Biira hakuwa ameitilia maanani. Mwaka jana msichana mmoja wa ushirika alipanda mlimani Kyarumba, kijijini kwake, akazunguka shamba lote na simu mkononi, akampiga picha yeye na Yvette katikati ya miti, akauliza maswali. Mume? Amekufa. Huo mkono mbona haunyooki? Nilianguka kwenye mteremko, mzigo kichwani. Yote yakaandikwa. Mtu akikupiga picha, muulize kwanza picha hiyo inakwenda kukaa wapi. Biira hakuuliza.

Mpaka juzi, jirani yake Gorret aliporudi kutoka mjini na pakiti ya kahawa yenye kibandiko cha vidoti vyeusi. Gorret alikielekezea simu, na Biira akajiona: sura yake, miti yake, jina la kijiji, na njia ya miguu imechorwa kona kwa kona mpaka mlangoni.

"Umekuwa mtu mkubwa," Gorret alimtania. "Mzungu akinywa tu, anakuja kukusalimia mpaka jikoni."

Ungo wa maharage ulimponyoka Biira. Usiku huo hakulala, na kesho yake alishinda akitafuta pikipiki ya kumteremsha.

Sasa Zedekia alichukua bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea punje, akachoma gunia la kwanza, akamwaga punje kiganjani. Akanusa, akavunja moja kwa jino. Akarudia kwa la pili, la tatu, la nne. Kisha akafungua kompyuta.

"Una miti mia tatu na arobaini. Magunia manne. Inalingana kabisa. Hii ni kahawa ya Kyarumba, na ni wewe uliyeichuma. Njia ya mwongo ni fupi, mama. Unajisingizia nini?"

"Si unasikia tu vile nasema?" Sauti ilimpanda. "Mimi mutu wa ng'ambo. Mutu wa ng'ambo atakosa njia ya kuvusha kahawa? Andika mimi mwizi. Andika, ufute."

Zedekia alitikisa kichwa. Hata angemwamini, alimweleza, hana uwezo huo. Pasipoti zimeandikwa kwenye blokicheni, na blokicheni si daftari la shule useme utachana karatasi. Nakala zake ziko kwenye makompyuta mengi duniani, na zote zinalindana. Ukigusa moja, zingine zinakataa. Anachoweza yeye ni kuongeza mstari mwekundu. Sura itabaki pale pale, na neno mwizi chini yake.

"Hata picha tu haitoki?"

"Haitoki."

"Na ile njia?"

"Hata njia. Wajukuu zako wataikuta."

Biira aliangalia mlango wa nyuma. Ulikuwa umezibwa na magunia mpaka juu, na kila gunia lilikuwa na kibandiko chake, vidoti vyeusi vinamtazama. Alimvuta Yvette karibu, akamfunika kichwa kwa kiganja kama mtu anayekinga mvua. Akauliza, sasa kwa sauti ndogo, kama wanaoiona picha hiyo ni wa Ulaya peke yao.

"Mtu yeyote mwenye simu," Zedekia alisema. Alimhurumia. Alidhani ni aibu ya mtu wa mlimani, asiyezoea kutazamwa. Akamwambia mwaminifu haogopi kujulikana, na ili kumtuliza akamgeuzia kompyuta. Wanywaji huacha salamu chini ya picha ya mkulima, na Biira alikuwa nazo tatu.

Ya kwanza ilitoka Ujerumani: kahawa tamu, Mungu akubariki. Ya pili Kampala: mtoto mzuri, asome.

"Na hii ya tatu imeingia leo saa moja asubuhi, hapa hapa karibu, Bwera mpakani. Tena kwa Kiswahili cha kwenu, sikiliza." Akakohoa kidogo, akasoma kwa sauti ya furaha, kama anayesoma tangazo la harusi kanisani:

"'Sophie, mutoto amekuwa mukubwa. Mukono ilipona? Niko Bwera, ninaona njia yote. Ninakuya.'"

Zedekia alikunja uso. "Huyu amekosea ukurasa. Sophie ni nani?"

Yvette aliutazama mkono wa mama yake usionyooka, akainuka, akaenda akaufunga mlango, akasukuma komeo.