Ukili wa Barazani

Nyumba ilikwisha kubomolewa. Zilibaki picha ambazo Mwanakheri alizipiga akiizunguka, siku moja kabla ya kubomolewa, na sasa kompyuta ingeziunganisha na kuisimamisha upya kwenye skrini. Lakini katika kila picha bibi yake, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa ameketi barazani akisuka ukili mrefu wa miyaa.

"Mfunike kwa rangi nyeusi, dada, kompyuta imruke," alisema Shekue, mwenzake wa kazini. "Mikono yake haitulii. Itavuruga ukuta."

Siku ile ya kupiga picha Mwanakheri alikuwa amemwomba bibi asogee kidogo. "Wewe piga nyumba yako, mjukuu wangu," bibi alimjibu. "Mimi nina mkeka wa kumaliza."

Sasa Mwanakheri akaanza kumpaka rangi nyeusi, kwanza kanga, kisha mabega. Alipofika kwenye vidole aliikuza picha, akaufuata kila ukingo polepole, kama anayeogopa kumuumiza.

Nyumba ikasimama kwenye skrini, na mlango wake, na ufa wake wa ukutani. Barazani tu palikuwa na tundu lenye umbo la mtu aliyeinama.

"Nizibe?" Shekue aliuliza.

Mwanakheri aliisogelea skrini. Alikuwa amesahau kuufunika ukili. Ulitokea ndani ya tundu, ukateremka ngazi za baraza, kana kwamba humo ndani bado unasukwa.