Andika, Bwana Bima

Kondo aliingia ofisi ya bima pale Kibaha na kanzu yake ya Ijumaa, na siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Nyuma yake Sikudhani, mjane wa Adamu, katoka eda juzi tu. Onesmo alipowaona, alijua wamefuata nini. Haya yote yalianzia kwenye daftari lake.

Kijana wa Mkuza huyu Onesmo, wakala mpya, hata miaka miwili kazini hana. Seminani waliwaambia: ukifika kwa mteja, andika kila neno la afya unalolisikia, hata la kicheko. Kuchagua ni kazi ya ofisi. Naye Onesmo, akiambiwa shika, basi anashika.

Siku ile kule Vihingo, mwaka wa sabini na nane, aliwakuta Adamu na Kondo kibarazani wanabangua korosho. Adamu Mnyamwezi, Kondo Mzaramo, watani wa kufa na kuzikana. Wote wawili wakataka bima ya maisha. Onesmo akamwuliza Adamu kama ana ugonjwa wowote. Adamu akasema hana. Kondo akadakia:

"Mwongo huyo! Anakohoa damu tangu masika. Alfajiri jasho linamtoka mpaka mkeka unalowa, mkewe anauanika juani kama wa mtoto kikojozi. Na hapa chini ya bega, kama kapigiliwa msumari. Andika, bwana bima! Mnyamwezi huyu mavuno hafiki!"

Watu kibarazani wakavunjika mbavu. Kondo mwenyewe alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa leso. Adamu peke yake hakucheka. Alimtazama mtani wake, akainamia korosho zake.

"Naye mwandike," akasema polepole. "Mzaramo huyu chuma."

Onesmo alijua ni utani. Akaandika vilevile daftarini, neno kwa neno. Kondo naye akajaziwa fomu yake: hana ugonjwa.

Mwaka uliofuata lori likamgonga Adamu pale Visiga, yuko juu ya baiskeli yake. Sikudhani akabaki na watoto wanne na karatasi ya bima. Meneja, Bwana Telesphory, akafungua fomu, akafungua na daftari, akaviweka sambamba. Akasema aliyeficha ugonjwa halipwi, hata kama kafa kwa lori.

Ndiyo maana Kondo kaja.

"Shikamoo, mzee," Onesmo akasema.

"Marahaba, bwana bima. Mbona uso huo, umelamba shubiri?"

Hakuna aliyecheka. Kondo akakaa, akamweleza meneja kwamba siku ile alikuwa anamtania Adamu, basi. Adamu alikuwa mzima kama jiwe.

"Utani naujua," Telesphory akasema. "Mtu anataniwa uchoyo, anataniwa ulafi. Lakini mkeka kulowa alfajiri? Msumari chini ya bega? Hayo mtu hayatungi, mzee. Umeyaona mahali. Umeyaona wapi, kama si kwa Adamu?"



Sikudhani akamvuta mkono wa kanzu. "Shemeji, mwambie basi. Wanangu watakula nini?"

Kondo akageukia dirishani. Nje, kwenye benchi, alikaa mkewe Kidawa. Kwenye pindo la khanga alikuwa kafunga malipo ya bima yao ya mwezi ule, anasubiri aitwe. Alipoona anaangaliwa, akatabasamu.

Kondo akamtazama mpaka meneja akakohoa kumkumbusha.

Ndipo akatia mkono mfukoni, akatoa leso, akaikunjua juu ya meza taratibu. Pale katikati palikuwa pekundu, pabichi bado.

"Mkeka ni wangu," akasema. "Andika, bwana bima. Leo sitanii."